Marekani ukifilisika, wadai hunyamazishwa siku hiyo hiyo

Watanzania tuishio Marekani tuna tabia ya kusifia barabara na mishahara ya huku. Mimi nikiulizwa kitu gani ningekipakia kwenye meli kije nyumbani, nitataja kile kinachotokea pale mtu anapowasilisha mahakamani ombi la kufilisika. Sisemi kusamehewa madeni, maana hilo huja baadaye, na si kwa kila deni. Nasema ule ukimya.

Hakuna jaji anayeketi kwanza kupima kama unastahili huruma. Ombi likishapokelewa, zuio linaanza lenyewe kwa nguvu ya Kifungu cha 362 cha Sheria ya Ufilisi ya Marekani. Simu zinakoma, barua zinakoma, kesi ya madai inasimama hapo ilipofika. Mwajiri aliyekuwa anakata mshahara wako kwa amri ya mahakama ili amlipe mdai anaacha kukata. Nyumba iliyopangiwa mnada kesho asubuhi haipigwi mnada, na gari lililokuwa livutwe usiku linabaki limeegeshwa. Mdai anayeujua ufilisi huo na bado akaendelea kukuandama anaweza kuamriwa kukulipa fidia na gharama za wakili. Anayetaka chake aende mahakamani akaombe zuio liondolewe, na benki zenye dhamana ya nyumba au gari huomba kweli. Na usidhani unaweza kuuchezea mlango huo: ukiwasilisha ombi jipya ndani ya mwaka mmoja tangu lile la kwanza litupwe, kwa kawaida zuio linadumu siku 30 tu.

Hata kabla ya kufika huko, sheria ya mwaka 1977 inawabana wakusanya madeni. Hawaruhusiwi kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na hawana ruhusa ya kumweleza jirani yako kwamba unadaiwa.

Sasa njoo nyumbani. Mama amekopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, marejesho ya wiki yamemshinda, na wenzake wa kikundi cha mkopo wanakuja kubeba friji na makochi mchana kweupe, mtaa mzima unaangalia. Au kijana kakopa kwenye simu, siku ya kulipa imepita, na ujumbe wa kumtangaza kuwa tapeli unatumwa kwa kila aliyemo kwenye simu yake, mama mkwe akiwemo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Hatua nzuri. Lakini haimwambii mdaiwa akimbilie wapi kesho saa 1 asubuhi.

Mtu atasema sheria tunayo. Ipo kweli: Sheria ya Ufilisi ya Tanzania, Sura ya 25, imekuwepo tangu enzi za mkoloni, na inamruhusu mdaiwa mwenyewe kuomba. Mahakama ikishatoa amri ya kuweka mali zake chini ya mpokeaji rasmi, wadai hawawezi kumshtaki bila kibali cha mahakama. Ila niambieni, nani kati yenu anamfahamu mama lishe au bodaboda aliyewahi kuitumia? Tunayoifahamu ni ile ya kukaza hukumu, dalali wa mahakama mlangoni, na ile nyingine ya kumpeleka mdaiwa gerezani kama mfungwa wa madai, hadi miezi 6, mdai akitoa hela ya chakula chake. Yaani mtu anamlisha asiyeweza kumlipa, tena mahali ambapo hawezi kufanya kazi. Hesabu hiyo mimi imenishinda.

Huku Marekani ada ya kufungua ufilisi wa Sura ya 7 ya sheria yao, ile ya kuuza mali isiyolindwa na kufutiwa madeni, ni dola 338. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba kulipa kwa awamu au kusamehewa. Wenye kipato cha kutosha husukumwa kwenye Sura ya 13, walipe kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Kodi za karibuni hazifutiki, matunzo ya watoto hayafutiki, na mkopo wa chuo ni nadra sana kufutwa. Sura ya 7 hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka 10, na mwenye nyumba za kupangisha ataiona.

Sisi wa ng'ambo tuna mitego yetu. Fomu zinataka mali yako yote popote ilipo duniani, kwa hiyo kiwanja cha Kibaha na msingi uliousimamisha Kigamboni vinaandikwa. Kuficha kwa makusudi ni jinai, kifungo chake hufika miaka 5. Vilevile sisi tunaona ni uungwana kumlipa kaka kwanza kabla ya kuzilipa benki. Sheria ya huku haioni hivyo. Ulichomlipa ndugu wa karibu ndani ya mwaka mmoja kabla ya ombi, wakati tayari umeelemewa, msimamizi wa mufilisi anaweza kukidai kirudi kigawanywe kwa wadai wote. Mweleze kaka hivyo kwenye simu uone atakavyokujibu. Na kama kuna aliyekudhamini, Sura ya 7 inakukinga wewe peke yako. Wadai wanahamia kwake asubuhi inayofuata. Sura ya 13 humkinga naye katika madeni ya matumizi ya kawaida, muda wote mpango unapoendelea.

Hapo ndipo nyumbani tunawazidi. Kikao cha ukoo, wazee wakakaa na mdai, wakakubaliana alipwe baada ya mavuno na riba isimame, ni Sura ya 13 isiyo na wakili. Nimeona vikao vya namna hiyo vikiokoa mashamba. Udhaifu wake ni kwamba vinategemea mdai awe mtu anayewaheshimu wazee wako, na kampuni ya mikopo ya kwenye simu haina mzee inayemwogopa.

Kwa hiyo sidai tunakili kitabu kizima cha Wamarekani. Ningeanza na zuio tu: mdaiwa mdogo aende mahakama ya mwanzo, ajaze karatasi moja yenye majina ya wadai na anachomiliki, agongewe muhuri, na kuanzia saa hiyo kwa siku 60 asiguswe mtu, friji wala simu. Katika siku hizo wadai wote wakae naye meza moja, wazee wakiwepo kama anawataka. Mkopeshaji atakayetuma ujumbe kwa mama mkwe ndani ya muda huo anyang'anywe leseni.