Kafulinki: kito tunacho, shati liko wapi?

Harusi za Desemba zinapokaribia Arusha na Moshi, mafundi cherehani wanapoanza kukataa oda, swali la kafulinki, vile vifungo vya pambo vinavyobana kafu (ncha za mikono ya shati), huibuka tena kwenye vikao vya kamati. Wanaozipinga wanasema ni fedha za kutupa: shati lina vifungo vyake vilivyoshonwa, sasa hivi vidude viwili vya pembeni vya nini? Wanaozipenda wanajibu kwamba mwanaume akishavaa saa na pete ya ndoa hana pambo jingine la kuvaa bila kuulizwa maswali, na kwamba mji unaojulikana duniani kwa kito cha tanzanite ungepaswa kuwa wa kwanza kuivaa. Kila upande una hoja nzito. Tatizo ni kwamba wote wanabishana kuhusu kito na kulisahau shati, na kwenye shati ndiko fedha nyingi hupotelea.

Tuanze na wapinzani, maana historia iko upande wao. Kafulinki ilizaliwa kwa kazi ambayo leo haipo. Ulaya, hadi karne ya 17, mikono ya shati ilifungwa kwa kamba au utepe. Baadaye vikaja vifungo viwili viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha mnyororo. Uingereza vipo vya fedha vyenye mioyo 2 chini ya taji, vinavyohusishwa na ndoa ya Mfalme Charles II na Catherine wa Braganza ya mwaka 1662. Kilichovifanya viwe vya lazima ni wanga. Karne ya 19 kola na kafu zilitiwa wanga zikapigwa pasi hadi zikawa ngumu kama kadibodi, na kifungo cha kushonwa kwa uzi hakikuweza kuzibana. Ilihitajika kitu cha chuma kinachopenya pande zote mbili. Mwaka 1840 George Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kuchovya vyombo kwa dhahabu na fedha kwa kutumia umeme, na kuanzia hapo hata karani aliweza kuvaa kinachong'aa kama cha tajiri wake. Wanga ulipoachwa na mashati laini yenye vifungo tayari yalipotawala, kazi ikaisha. Kilichobaki ni pambo.

Kwetu kuna safu nyingine juu ya hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mavazi ya kiongozi yalikuwa suti nyepesi, mara nyingi ya mikono mifupi, isiyohitaji tai. Mkono mfupi hauna kafu. Mwaka huohuo wa 1967 tanzanite ikagunduliwa Mirerani, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina hilo. Kwa hiyo kito kilitoka ardhini wakati ambao wanaume wa hapa hawakuwa na mahali pa kukiweka, na biashara yake ikajengwa juu ya pete na hereni za wageni.

Watetezi nao wana jambo ambalo wapinzani hulipuuza: hali ya hewa. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai koti ni hitaji kabisa. Kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyohamia hapa mwaka 2007, kuna kumbi za mikutano. Watu wanaoshinda ndani ya koti wapo wa kutosha, na kafulinki bila koti hupoteza nusu ya maana yake, kwani uzuri wake uko kwenye ile sentimita 1 au 1.5 ya kafu inayochungulia nje ya mkono wa koti. Moshi ni habari nyingine. Mji uko chini zaidi, joto lake si la mchezo, na saa sita mchana koti liko kwenye kiti na mikono imekunjwa. Kwa Moshi kafulinki ni za kanisani, za ukumbini usiku, na za Idi kwa wanaovaa kanzu za mtindo wa Saudia zenye kola na kafu. Za kila siku, hapana.

Sasa shati. Kafulinki haiingii kwenye shati la kawaida, kwa sababu upande mmoja wa kafu una tundu na upande wa pili una kifungo. Inahitaji matundu pande zote. Kafu ya kukunja mara mbili ina matundu 4, na ndiyo inayokaa vizuri zaidi. Kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, mashati ya aina hiyo hupatikana, na asiyejua hudhani vifungo vimeng'oka. Ukilishika, kunja kafu na utazame kama matundu yote 4 yanaonana. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa mkunjo, maana kitambaa huanza kuchanika hapo kabla ya kola. Mwisho angalia mapovu: kama gamu ya ndani, ile inayogandishwa ili kuikaza kafu, imeachia kitambaa, hakuna pasi itakayolirudisha.

Ukishonesha jipya, mpe fundi vipimo, asikisie. Kafu ya kukunja iwe na kimo cha sentimita 12 hadi 13 ikiwa imekunjuliwa, mbali na sentimita 1 ya mshono kila upande. Urefu wake uwe mzunguko wa kifundo cha mkono kuongeza sentimita 6 au 7, kwa sababu kingo mbili hubanwa zikitazama nje badala ya kulaliana. Matundu yakae sentimita 1.5 kutoka ukingoni, kila moja na urefu wa milimita 16 hadi 18. Kosa linalojirudia ni fundi kupima matundu kafu ikiwa imelala. Tabaka la nje likikunjwa linapaswa kushuka milimita 2 au 3 chini ya lile la ndani ili kulificha, hivyo matundu yaliyopimwa kwa usawa hupishana, na mvaaji hulazimisha chuma hadi nyuzi zikatike. Kafu ikunjwe na kupigwa pasi kwanza, ndipo matundu yatiwe alama.

Shati lililopo linaweza kugeuzwa pia, ila kwa kafu ya tabaka moja: ng'oa kifungo, toboa na udarizi tundu palepale kilipokuwa. Halitakuwa na uzito wa kafu ya kukunja, lakini kwa jaribio la kwanza inatosha kabisa.

Kwenye kafulinki zenyewe, zilizojaa madukani ni zenye kijiti cha nyuma kinachozunguka. Ni rahisi kuvaa kwa mkono mmoja, lakini chemchemi yake ikilegea hujifungua na pambo huanguka bila sauti kwenye zulia la ukumbi. Zile za kipande kimoja, zisizo na sehemu inayocheza, hazina cha kulegea. Nyingi za bei ya chini ni za mchanganyiko wa zinki uliochovywa. Zikivunjika ndiyo mwisho wake, kwa sababu zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 400 hivi za Selsiasi au kabla, wakati lihamu ya fedha ya sonara huhitaji karibu 700. Fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha halisi katika kila 1,000, husawijika, ni kweli, lakini hung'arishwa na kulehemiwa miaka yote. Hapa nawaunga mkono wapinzani moja kwa moja: jozi ya zinki ni hasara, na heri kafulinki za uzi uliofungwa fundo kuliko hiyo.

Na tanzanite? Ugumu wake uko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, na ina mwelekeo mmoja ambao hupasuka kirahisi ikigongwa. Kafu hugonga meza, mlango wa gari na kompyuta siku nzima. Tena rangi: kito kilekile huonyesha bluu upande mmoja na zambarau upande mwingine, hivyo mkataji wa vito akielekeza viwili tofauti jozi haifanani, na kito cha mviringo cha milimita 6, karibu karati 1, mara nyingi huwa mpauko. Kwa ofisi, sikubaliani nayo. Kwa harusi na hafla ndiyo, kwa sharti kwamba kito kizungukwe chote na ukingo wa fedha uliosimama juu kidogo kuliko uso wake. Kucha za chuma za kushikia kito hunasa bitana ya koti na huacha pembe wazi. Matengenezo ya moto yafanywe kito kikiwa kimetolewa, na usafi uwe wa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini; mashine ya kusafishia kwa mitetemo isiikaribie.

Kwa matumizi ya kila siku lipo jiwe la jirani lisilotajwa sana, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi kutoka Longido. Kijani chake ni zoisaiti, jamii moja na tanzanite, lakini hukatwa bapa, na mkwaruzo hauonekani haraka kwenye uso wenye mabaka. Mwambie mkataji atoe vipande vyote viwili kwenye jiwe moja, kimoja kando ya kingine, ili madoa yaelekeane: milimita 14 kwa upana, 3 kwa unene. Aking'arisha kwa unga wa almasi juu ya sahani ngumu uso utatoka sawa. Akitumia kitambaa laini, kijani kitaliwa na rubi itabaki imechomoza, kwa kuwa ugumu wake ni 9.