Chakula cha kuku kikichacha sawa, mfuko ukichacha ndo balaa

Juzi binamu yangu kanitumia video WhatsApp, jamaa kasimama bandani anasema ukichachusha pumba siku 3 unaokoa nusu ya gharama ya chakula na kuku wanataga mpaka unachoka kuokota. Kaniuliza, kaka hii kweli? Nikacheka peke yangu maana huo mtego mimi nshaukanyaga mwaka jana, na nikianza kumjibu kule kwa sauti atapata voisi noti 11, bora niandike hapa.

Mimi nafuga Chanika, uani tu, kuku 14 wa mayai na jogoo mmoja asiyejua saa. Mwaka jana mwezi wa saba mfuko ulikuwa umechacha kwelikweli, na kwenye ufugaji chakula ndo kinakula hela, kila shilingi 100 unayotumia 60 au 70 inaishia kwenye chakula. Basi nikaona nijiongeze. Ndoo ya lita 20, pumba za mahindi, maji, funika, subiri. Na joto la huku kwetu siku ya pili tu ilishaanza kutoa povu, ukisogeza sikio unasikia inatokota taratibu kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na ile harufu ya uchachu kama togwa ya bibi. Kuku walivyoipenda sasa! Ukitokea na kopo wanakuparamia miguuni, anadonoa, anatikisa kichwa, pwaa, uji uko ukutani, uko kwenye suruali yako, uko kisogoni kwa mwenzake, na wa tatu anakuja kuudonoa hapohapo kisogoni. Nikajua nimeotea.

Wiki ya tatu mayai yameshuka kutoka 10 kwa siku mpaka 3. Na katika hayo 3 moja ukiliokota linabonyea kama puto la maji, ganda hakuna, ngozi tu. Nikajua wanaumwa. Nikaenda kwa bwana mifugo anayeshinda pale duka la dawa, akauliza unawalisha nini, nami nikamweleza kwa fahari kabisa kuhusu ndoo yangu, akanitazamaaa.

"Mzee wangu, unawanywesha togwa halafu unadai mayai?"

Iliniuma ila ndo ukweli. Uchachu hauongezi kitu ambacho hukuweka ndooni. Kuku anayetaga anataka chakula chenye protini kama asilimia 16 au 17, pumba za mahindi peke yake zina kama 10 hivi. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu na kwenye pumba kalsiamu ni kama haipo, sasa yeye aitoe wapi? Anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, nako kukikauka anakuletea lile la ngozi. Ndoo ichache siku 3, ichache mwezi, dagaa hawaoti humo. Yule jamaa wa video hilo halisemi, na mimi ndo linalonikera, kwa sababu anayeangalia video ile ni mtu ambaye tayari hela imemwishia na kuku ndo tegemeo lake.

Lakini sijaacha. Bwana mifugo aliniambia nimwage huo uchafu kabisa, hapo tukabishana mpaka mwenye duka akacheka. Siyo uchafu jamani. Vijidudu vinavyofanya kazi humo ni ndugu wa wale wa maziwa ya mgando, vinakula sukari iliyomo kwenye nafaka vinatoa asidi, na asidi ikishakolea vile vibaya kama salmonela vinapata tabu kuishi. Halafu pumba zina fosforasi nyingi ila imefungwa, tumbo la kuku haliwezi kuifungua vizuri kwa hiyo nyingi inatoka tu na kinyesi, uchachu unasaidia kuifungua. Na kikubwa nilichokiona kwa macho yangu ni upotevu. Chakula kikavu wanachakura, vumbi linapeperuka, jioni unafagia hela. Kilicholowa hakipeperuki, ukitoa ule wa ukutani. Banda nalo harufu imepungua, hata jirani aliyekuwa ananinunia siku hizi anasalimia.

Ninavyofanya sasa hivi ni kwamba ndooni naweka pumba, paraza (mahindi yaliyovunjwavunjwa) na mashudu ya alizeti (yale makapi yanayobaki wakishakamua mafuta), maji yanapita juu kama vidole viwili, nakoroga asubuhi na jioni. Maji ya bomba yenye dawa nayaacha wazi usiku kucha kwanza. Ndoo ni ya plastiki, ya bati asidi itaila. Mfuniko naegesha tu, siku niliyoubana vizuri ulifyatuka usiku wa manane mke wangu akajua tumevamiwa. Dagaa siweki humo, niliwahi kuweka na kesho yake nyumba nzima ikanuka kama soko la samaki la Feri saa nane mchana. Chokaa ya mifugo, ile ya kuwapa kalsiamu, nayo haiingii ndooni, maana chokaa inaimaliza ile asidi na ukishaimaliza uchachu umekufa. Kwa hiyo dagaa wa kusaga, chokaa na vitamini nachanganya asubuhi wakati wa kulisha, ule wa ndooni nauchuja maji kidogo usiwe uji sana. Nawapa wanachoweza kumaliza kabla ya saa sita, kikilala bandani kesho unakuta funza. Na siku zote nabakiza vikombe viwili vya zamani chini kama chachu, ndoo inayofuata inawahi, kesho yake tu iko tayari.

Utando mweupe mwembamba juu haunitishi, nakoroga. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, namwaga ndoo nzima bila kujiuliza. Maana kuna wengine wanashauri eti nunua mahindi yaliyooza bei chee uyachachushe, sumu itatoka. Haitoki! Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, hata ukiipika inabaki, usitegemee uchachu ukusafishie, na nyingine inapita mpaka kwenye yai analokula mwanao. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu hiyohiyo, siyo kuku, watu. Sijui tunasahau vipi haraka namna hii.

Na wanaosema uchachu unazuia kideri, mimi hao sibishani nao tena. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, ni kirusi, kinga yake ni chanjo, tone moja jichoni kila miezi 3, basi.

Kuhusu kuokoa hela, nimeokoa, kidogo. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa unaniishia siku ya 30 sasa unafika siku ya 34, 35. Nusu labda kwa huyo jamaa ambaye nina wasiwasi kuku wake hawatagi ila hawaonyeshi kwenye video. Mayai yangu yalirudi 9 mpaka 11 kwa siku, ilichukua kama mwezi na kidogo, na maganda magumu unagonga ukingo wa sufuria mara mbili ndo linapasuka.

Kwa hiyo binamu, njoo Jumamosi nikugawie vikombe viwili vya chachu. Njoo na ndoo yako, dagaa utapitia Feri mwenyewe, na usivae ile suruali yako nyeupe.