Chema hakijiuzi, kinaandikiwa majina

Wiki iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliweka kiungo kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa, hapa Kirumba. Kiungo cha gemu yake. Ameihangaikia miaka miwili na nusu kwenye laptopu iliyokatika bawaba, umeme ukikata anahamia kwa jirani mwenye sola. Chini ya kiungo akaandika: "Ndugu zangu, gemu bado haijatoka. Mwenye kompyuta na mwenye kupenda gemu, naomba aiweke kwenye wishilisti yake Steam. Ni bure." Steam ni duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, na wishilisti ni orodha ya gemu unazozitamani pale.

Hongera zikamiminika. Makofi, picha za moto, "Mungu akubariki", "Mwanza tunaweza". Kisha mzee mmoja ninayemheshimu, mtu aliyefanya biashara Makoroboi tangu sijazaliwa, akaandika: "Kijana, acha kuombaomba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Watu kumi na saba wakamwekea dole gumba. Mdogo wangu hakuandika kitu tena siku ile.

Mimi niliandika, nikafuta. Yalikuwa makali mno kwa mtu wa umri wa baba yangu. Nayaandika hapa sasa, na mzee akiyasoma ajue shikamoo yangu iko palepale.

Methali ile ni ya soko la mezani. Ukitandaza sato wabichi soko la Mwaloni alfajiri, ni kweli huhitaji kupiga kelele, maana mteja anapita mbele yako na jicho la samaki anajionea mwenyewe. Steam hakuna kupita mbele. Mwaka 2024 peke yake zilitoka pale gemu zaidi ya 18,000. Gawanya mwenyewe: karibu 50 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Gemu ya mdogo wangu itaamka na wenzake 49, na kesho yake watakuja 50 wengine kuifunika. Iwe chema kiasi gani, asiyeijua atainunuaje?

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, na namtaja kwa sababu hili jambo lote nililielewa kwake, sikulielewa kwenye intaneti. Wanaojua ziwa wanajua kwamba dagaa huvuliwa siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina nguvu, mitumbwi inapumzika. Sasa shangazi hasubiri mzigo ufike ndipo atafute wateja. Mbalamwezi ikiwa bado inawaka, yeye amekaa na daftari na simu. Mteja wa Shinyanga, gunia sita. Wa Kahama, kumi. Mama mmoja wa Kongo, arobaini, huyo hupigiwa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyelipa. Ni majina tu na namba.

Lakini majina yale yanafanya kazi. Mwenye mtumbwi akiliona daftari anampa mzigo kwa mali kauli, kwa sababu anajua unakokwenda. Shangazi mwenyewe anajua akodi eneo kiasi gani la kuanikia na aite vibarua wangapi. Na dagaa zikikauka, siku hiyohiyo, anapiga simu moja baada ya nyingine. Watakaokuja kweli labda ni nusu. Wengine watasema hela imeyumba, wengine hawapokei. Hawafuti. Mwezi ujao bei ikishuka anawapigia tena, na baadhi yao ndipo wananunua.

Sijawahi kusikia mtu Mwaloni akimwambia shangazi kwamba anaombaomba.

Wishilisti ni daftari lile, ila Steam ndiyo inayopiga simu. Ukishaiweka gemu kwenye orodha yako, siku inapotoka duka lenyewe linakuandikia barua pepe. Bei ikipunguzwa kwa asilimia 20 au zaidi, linakuandikia tena. Gemu zilizoandikiwa majina mengi ndizo zinazopanda kwenye orodha ya zinazosubiriwa kwa hamu, mbele ya macho ya watu ambao mdogo wangu hatawafikia kwa namna nyingine yoyote, kijana wa São Paulo, mama wa Warsaw anayecheza watoto wakilala. Duka linachukua asilimia 30 ya kila mauzo. Acha basi lipige hizo simu, ndiyo kazi linayolipwa!

Na dole gumba kwenye WhatsApp je? Linaishia pale pale. Siku gemu ikitoka, wale kumi na saba hakuna atakayewakumbusha. "Ikitoka tutanunua," wanasema, na naamini wanasema kwa moyo safi. Lakini itatoka Alhamisi mchana, na wewe Alhamisi mchana uko kwenye foleni ya kivuko, au dukani, au msibani. Utakumbuka baada ya miezi mitatu. Kwa gemu ndogo isiyo na hela ya matangazo, wiki ya kwanza ndiyo giza lake la kuvulia. Ikipita bila watu, duka linaona haina wateja na linaacha kuionyesha.

Mtu mmoja nilipomweleza haya alinijibu kwa mfano wa Silksong, gemu iliyovuma dunia nzima, eti ile ilijiuza. Hapana. Watu wa Team Cherry, kikundi kidogo kabisa cha Adelaide kule Australia, walitangaza Silksong Februari 2019 na kuitoa tarehe 4 Septemba 2025. Miaka sita na nusu watu walikuwa wanaandika majina, hadi ikakaa juu kabisa kwenye orodha ya Steam ya gemu zinazotamaniwa. Siku ilipotoka maduka ya mtandaoni yalielemewa. Ule ulikuwa ni umati ulioandikwa mmoja mmoja, na kabla yake kulikuwa na gemu yao ya 2017 iliyowajengea jina. Mdogo wangu hana gemu ya 2017. Ana sisi.

Nawasema pia vijana wenyewe, maana kosa haliko upande mmoja. Kuna kijana wa Nyegezi, namfahamu vizuri, alitengeneza gemu ya mafumbo nzuri sana, niliicheza mpaka saa nane usiku. Aliogopa kuonyesha kitu ambacho hakijakamilika. Akalipa ile dola 100 ya kuingiza gemu Steam, kwa shilingi yetu karibu laki mbili na nusu, akaificha gemu mpaka ikaisha, kisha akafungua ukurasa wake pale Steam, ule ambao watu huandikia majina, wiki mbili kabla ya kutoka kwa sababu wiki mbili ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Wiki mbili! Alitoka na majina 31. Siku ya kwanza aliuza nakala tatu, moja ni mimi. Dola 100 hurudishwa gemu ikiingiza dola 1,000, na yake haijafika huko. Sasa hivi anauza kava za simu, na kila nikipita pale kwake naongea mambo mengine kwa sababu sijui nianzeje hilo. Ukurasa ule ungefunguliwa siku aliyopata picha tano za kuonyesha na trela ya dakika moja. Mwaka mzima kabla. Angefika na demo, kipande cha gemu cha kuonja bure, kwenye Steam Next Fest, tamasha la Steam la gemu ambazo bado hazijatoka, ambayo hufanyika Februari, Juni na Oktoba, na gemu moja inaruhusiwa kushiriki mara moja tu katika uhai wake, kwa hiyo unakwenda ukiwa tayari una watu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wengi wetu hapa tunacheza kwenye simu na Steam hatuna kazi nayo. Ni kweli. Google Play wana usajili wa awali, ni mantiki ileile, na mwenye gemu ya simu autumie huo.

Na kuna jingine ambalo mzee alikuwa karibu kuligusa, na hapo nitampa haki yake. Kuna kuomba kubaya. Kuna vijana wanawaambia ndugu zao wote wafungue akaunti wabonyeze tu, hata asiyejua kompyuta inawashwa wapi. Wengine wanagawa vocha kwa kila anayebonyeza. Hayo ni majina ya huruma na ya vocha, na yanamdanganya mwenye daftari. Shangazi akiandikiwa gunia 40 na mtu asiyekula dagaa, anakodi eneo la bure na kulipa vibarua wa bure. Mdogo wangu naye akiona majina 2,000 atapanga maisha yake kwa hayo 2,000, pengine ataacha kibarua chake cha kurekebisha simu. Kwa hiyo kama hutacheza, usibonyeze. Mpelekee kiungo mmoja tu unayejua atacheza. Mdogo wangu aliandika hivyohivyo: mwenye kompyuta na mwenye kupenda gemu. Alichagua maneno yake, sisi tukasoma "naomba" peke yake.

Gemu yenyewe, kama unajiuliza, ni ya nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Una taa, wavuvi watatu, mafuta kidogo, na mwezi unaokua kila usiku. Upepo ukigeuka unaamua urudi au ubaki. Nimeona wageni wakisifu rangi ya maji kwenye trela. Ni rangi ya ziwa likitazamwa kutoka Capri Point jua likizama, alikaa siku nne akiitafuta.

Jana usiku nilikwenda kwao. Shangazi naye alikuwepo, amekuja na mboga. Steam humwonyesha mtengenezaji majina yametoka nchi gani, kwa hiyo mdogo wangu alifungua jedwali akalisoma kwa sauti. Jumla 212. Marekani 61. Ujerumani 38. Brazili 27. Poland 14. Aliendelea hadi chini.

Shangazi akauliza, "Na hapa nyumbani?"

"Tisa, shangazi."

Akanyamaza kidogo, akavuta kiti karibu na ile laptopu. "Hao tisa unawajua? Nisomee."

Akamweleza kwamba majina hayaonekani, ni idadi tu. Shangazi hakupenda hilo hata kidogo. Nje giza lilikuwa limeingia, taa za mitumbwi zimeanza kutokeza ziwani moja moja, na simu yake ikaita. Ilikuwa Kahama.