Luther, kasha la maskini na ustawi wa Skandinavia

Wapo wanaosema pensheni, matibabu na malezi ya watoto vinavyogharamiwa kwa kodi huko Skandinavia (Denmark, Sweden na Norway) ni matunda ya Ulutheri, imani iliyotokana na Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani. Hoja hiyo ina uzito kuliko wapinzani wake wanavyokiri, ila haifiki mbali kama watetezi wake wanavyopenda.

Chukua Leisnig, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani. Mwaka 1523 usharika wake ulitunga kanuni za kasha la pamoja, na Luther mwenyewe akaziandikia utangulizi. Kasha lilikuwa na kufuli nne: ufunguo mmoja wa makabaila, mwingine wa baraza la mji, wa tatu wa wenyeji wa mji, wa nne wa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Humo yaliingia mapato ya kanisa. Humo walilipwa mchungaji na mwalimu, wakasaidiwa yatima, wazee na wagonjwa. Kufuli hizo zilisimama juu ya teolojia. Kama mtu anaokolewa kwa neema, sadaka haimnunulii mtoaji mbingu, na shida ya maskini inakuwa jukumu la mji mzima. Johannes Bugenhagen, mchungaji aliyefanya kazi na Luther, aliupeleka utaratibu wa namna hiyo katika miji ya Ujerumani ya Braunschweig na Hamburg, hadi Denmark.

Lakini Ypres, mji wa Kikatoliki ulioko Ubelgiji ya leo, nao ulipanga upya msaada wa maskini mwaka 1525. Na katika Sweden ya Kilutheri, yatima walikuwa wakinadiwa: aliyekubali malipo madogo kuliko wote ndiye aliyekabidhiwa mtoto, mara nyingi ili amfanyize kazi. Minada hiyo ilipigwa marufuku 1918 tu. Jambo hili linaniumiza, na sioni namna ya kulipita kimya.

Kwa maoni yangu, Luther alisaidia kujibu nani amtunze maskini. Kwamba maskini ana haki ya kudai, hilo lilipiganiwa na siasa. Katiba ya Denmark ya 1849 ilimnyima kura aliyeishi kwa msaada wa maskini. Sheria ya 1891 ndiyo iliyowapa wazee wa miaka 60 na zaidi msaada wa umma bila kupoteza haki zao. Ujerumani nako, Kansela Otto von Bismarck, Mlutheri vilevile, alianzisha bima ya afya mwaka 1883 kwa michango ya wafanyakazi na waajiri, akilenga kuwavuta wafanyakazi watoke kwa wasoshalisti.