Rili Moja, Funguo Mbili, na Taarab Yetu

Kuna rili moja, yaani tuni ya kuchezea, maarufu hapa Ayalandi iitwayo "Toss the Feathers". Huku wapigaji hukaa kuzunguka meza wakapiga pamoja. Kaa na wa meza hii, utaisikia kwenye ufunguo wa D, yaani imejengwa juu ya noti ya D, imechangamka. Hamia meza nyingine, mji uleule, utaisikia kwenye E, ina huzuni ambayo ile ya kwanza haina. Wapo wanaoshikilia kwamba ni tuni mbili zilizogongana majina. Wapo wanaosema ni moja, ila imepita katika mikono tofauti. Ubishi huo hauishi, na hakuna anayeharakisha kuumaliza.

Mimi ni mtoto wa Unguja, nimekulia kwenye fidla ya taarab. Huku nilifuata kazi, sikufuata muziki. Lakini jambo hili limenigusa kuliko mengi niliyoyaona ugenini, na nataka kuwaambia wenzangu wa nyumbani kwa nini.

Kwanza muelewe rili ni nini. Ni muziki wa kuchezea, wa mapigo manne ya haraka. Kwa kawaida una sehemu mbili, kila moja vipimo vinane, na kila sehemu hurudiwa. Mzunguko mzima haufiki dakika moja. Watu huipiga mara mbili tatu kisha wakaruka kwenye rili nyingine bila kupumua. Kitu kifupi namna hiyo ungedhani hakina nafasi ya tofauti, na tofauti zimo humo humo: mmoja anapanda pale mwenzake anaposhuka, mmoja anajaza noti tatu pale mwenzake anapoacha moja ndefu. Anayeanza ndiye mwenye kauli. Akianza kwenye D, wote wanamfuata kwenye D, na anayeijua ya E tu anaweka upinde mapajani, anasikiliza. Hakuna anayemwambia kakosea. Tuni ikiisha ataulizwa aliipata kwa nani, naye atamtaja mtu: mjomba, jirani, mwalimu fulani wa kijijini. Naipenda sana adabu hiyo.

Ufunguo nao hauchaguliwi ovyo. Filimbi ya mbao na ile ya bati zimetengenezwa kwa D, kwa hiyo D, G na E zinakaa vidoleni bila taabu. Uilleann, lile zumari la mfuko linalojazwa upepo kwa kiwiko, la kawaida nalo ni la D, na mabomba yake ya chini yanavuma D moja kwa moja. "Toss the Feathers" ya D inakaa juu ya mvumo huo imetulia. Ya E inausukuma, haikubaliani nao, na mvutano huo ndio unaoipa ladha yake.

Kisha kuna ile C. Katika sura ya D, C haikai mahali pamoja. Mpigaji akipanda huifanya shapu, yaani huinyanyua kidogo, akishuka huilegeza, na wazee wengi huipiga katikati, si shapu wala si ya kawaida. Siku nilipoisikia kutoka kwenye fidla ya mzee mmoja nilishtuka, kwa sababu masikio yangu yaliijua. Ni jamaa wa zile sauti za robo, zinazokaa katikati ya noti mbili za kinanda, tunazozijua kwenye maqam, mipangilio ya sauti ya Kiarabu, kama Rast na Bayati, sauti ambazo Waswahili tulizipokea pamoja na kanuni na udi, tukazifanya zetu. Na tatizo lao ni letu. Akodiani haiwezi kukaa katikati, lazima ichague kitufe. Ikiingia akodiani yenye sauti kubwa, C ya mzee inazama.

Nisiwapambe lakini. Huku nako kuna vilivyopotea, na sababu mojawapo ilikuwa wahamiaji kama mimi. Michael Coleman, mpiga fidla wa kaunti ya Sligo, aliondoka kwenda Marekani mwaka 1914 na kuanzia miaka ya 1920 akarekodi santuri jijini New York. Santuri zile zilirudi nyumbani kwa meli, zikaingia kwenye nyumba za mashambani, na vijana wa kaunti za mbali wakaanza kuiga mtindo wa Sligo wakaacha wa kwao. Mwaka 1934 alirekodi rili tatu kwa mfululizo: "The Tarbolton" kwenye E, "The Longford Collector" kwenye G, na "The Sailor's Bonnet" kwenye D. Hadi leo watu wanazipiga kwa mpangilio uleule. Ni mpangilio mzuri ajabu, kila ufunguo unapobadilika mwili unanyanyuka. Lakini fikiria mitindo mingapi ya vijijini ilinyamaza mbele ya santuri moja.

Sisi nasi tulikuwa na santuri zetu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Ila kwetu wimbo uliendelea kuhama. Mwimbaji mwingine akiuchukua, ufunguo ulifuata koo lake, na wapigaji wakahamisha vidole. Hapo nasema bila woga kwamba kwetu kulikuwa bora: ufunguo ulimtumikia binadamu na maneno yake. Huku unaitumikia ala. Mashariki mwa kaunti ya Galway kulikuwa na mpiga fidla Paddy Fahey, aliyefariki mwaka 2019, mtunzi wa tuni nyingi za kupendeza, kadhaa kati yake kwenye G yenye huzuni, ufunguo ambao fidla inaufurahia na filimbi ya D inauogopa. Anzisha mojawapo pale penye filimbi tano, na uone jinsi meza inavyokuwa kimya. Naumia kila ninapoliona hilo, maana mtu anaacha kuanzisha tuni aipendayo kwa sababu tu wengi wana ala ya aina moja.

Sasa nikipiga simu nyumbani, au nikitumiwa video za harusi, nasikia kinanda cha umeme mbele ya kila kitu. Sichukii kinanda. Ninachokihofia ni kile kinachokuja nacho. Sauti za robo zinasawazishwa, maana vinanda vingi havina, isipokuwa vile vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu au vilivyorekebishwa. Ufunguo unahamishwa kwa kitufe, kwa hiyo kijana hajifunzi vidole vinavyohama. Na wimbo unachukuliwa kutoka rekodi moja ya mtandaoni, noti kwa noti, hadi mzee akiupiga kama alivyoupokea anaambiwa amesahau. Kumwambia hivyo mtu aliyekaa miaka na waliotutangulia ni dhuluma, na mimi nalisema hili nikiwa mbali kwa sababu huku nimeona mzee wa aina hiyo akisogezewa kiti na kuombwa airudie.

Kipo tunachoweza kufanya, na hakihitaji fedha nyingi. Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi Chicago, alichapisha mwaka 1903 mkusanyo wa tuni 1,850. Alipopata sura mbili za tuni moja, mara nyingi aliandika zote mbili, ya kwanza na ya pili, bila kuitupa yoyote. Sisi tunavyo vikundi vya zamani vya taarab, Ikhwan Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na tangu 2002 tuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe. Naomba kila kijana anayeshika fidla au kanuni achukue simu yake, akae na mzee mmoja, arekodi wimbo mmoja bila kinanda, kisha aandike vitu vitatu: mzee aliupata kwa nani, ulikuwa ukiimbwa kwenye ufunguo gani na nani, na sauti zipi zinakaa katikati. Akipata sura nyingine ya wimbo huohuo kwa mzee mwingine, Pemba au Tanga au Mombasa, aiandike nayo chini yake. Mimi nikija likizo nitaanza na mwalimu wangu mwenyewe, kama atakubali, na kwa ule wimbo ambao yeye na kaka yake hawajawahi kukubaliana uanzie wapi.