Hiyo "Dakika Mbili" Niacheni Nieleze Mwenyewe

Kwanza kabisa, sikuiombea kompyuta. Kevo wa kibanda cha simu amewaambia niliwekelea mkono juu ya mashine nikafumba macho. Mkono niliuweka, sikatai, lakini nilikuwa nasikiliza kama feni inazunguka. Macho yalijifunga yenyewe kwa aibu. Na kwa vile kile kivideo alichonirekodi kimefika mpaka kwenye kikundi cha ukoo, na mke wangu ameniuliza mbele ya watoto kwa nini watu wananiita Mzee wa Dakika Mbili, bora niseme mwenyewe.

Duka la Anti pale Umoja, Nairobi, mnalijua, lile la kuchapa na kutoa kopi, lenye kompyuta ya mezani ambayo ikiwashwa mpaka jirani anajua. Prosesa ni ile ya zamani ya Core 2 Duo, rami (kumbukumbu ya mashine) giga mbili, aliinunua madukani Luthuli Avenue enzi hizo mimi bado nina nywele. Ndani yake Windows 7. Wiki iliyopita ikagoma: ukiwasha, skrini nyeusi, halafu chini ya meza milio mitatu, kimya, milio mitatu, kimya, kama lori linarudi nyuma. Anti akanipigia simu.

Hapo nilifanya kazi safi na ninaomba mniandikie. Nilichomoa rami zote mbili, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa rababu ya kufutia penseli niliyoazima kwa mtoto wa jirani, nikapuliza vumbi la miaka yote ya Anti, nikarudisha. Ikawaka. Anti akapiga vigelegele. Ningekunywa chai yangu na mandazi mawili nikapanda matatu ya kurudi nyumbani, leo ningekuwa shujaa wa Umoja yote.

Lakini mdomo.

Nikamwambia, "Anti, hii Windows 7 ni maiti inayotembea. Microsoft wenyewe waliachana nayo Januari 2020. Hata Chrome iliikana mwaka 2023."

"Basi niwekee mpya, baba."

Nikacheka kile kicheko cha daktari. Nikamweleza kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na mashine yake ukiitajia TPM itadhani ni chama cha siasa. Windows 10 nayo ilikatiwa huduma Oktoba 14, 2025. Dawa ni Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, nikasema. Nyepesi, ya bure, na vile virusi vya flashi za wateja haitavijali. Anti akatikisa kichwa kwa heshima. Ile heshima ndiyo iliyoniponza.

Sasa niwape siri ambayo hata Kevo hana. Linux sikuwa nimewahi kuweka maishani mwangu. Windows nimeweka mpaka nikiota naona ile mistari ya asilimia, lakini Linux niliijua kwa video moja ya dakika nane, na bundles zangu za intaneti ziliisha dakika ya nne. Nikajiambia nusu iliyobaki lazima ni jamaa kushukuru watu na kuomba wamfuate.

Nilimwambia Anti wazi kwamba vitu vyake vyote vitafutika. Kuvihamisha? Flashi niliyobeba ilikuwa moja, na ndiyo ilikuwa na Mint. (Nyamazeni. Najua.) Akaniomba dakika moja. Akafungua picha za ubatizo wa mjukuu wake, akazipitia moja moja, akafika ya mwisho, akavuta pumzi: "Basi. Endelea." Mimi nimesimama nyuma yake kama padri.

Nikachomeka flashi tundu la mbele, nikawasha; mashine hiyo husoma flashi kwanza kabla ya diski yake. Nembo ya kijani ikaja, ikafikiri, na baada ya kama dakika mbili, tuseme tatu, hiyo hapo. Skrini safi, Firefox ipo, LibreOffice ya kuandikia ipo, hata printa imetambulika. Nikachukua simu, nikaandika kwenye kikundi cha mafundi kwa mkono wangu huu: "Watu wa Windows mnakesha na mashine. Mimi Linux kwenye Core 2 Duo, dakika mbili." Nikapokea elfu moja mia tano, nikaenda nyumbani.

Pale kwenye skrini palikuwa na kijipicha kimeandikwa Install Linux Mint. Nilikiona. Nilidhani ni kama cheti, kile cha kutundika ukutani kuonyesha kazi imefanywa.

Jumapili Anti akanipigia: ameandika matangazo ya kanisa, tokeni za stima zikaisha, stima iliporudi matangazo hayapo. Nikalaumu tokeni. Jumatatu risiti zikapotea, na saa ya kompyuta imerudi mwaka 2009. Ahaa! Betri ya bodi imekufa, ile ya duara kama sarafu. Nikanunua CR2032, nikaweka, nikatoza nauli. Saa ikakaa sawa. Vitu vikaendelea kupotea.

Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Akaja mzee mmoja wa heshima, kofia mkononi, na karatasi nne za fulskepu zilizoandikwa pande zote mbili. Wasifu wa marehemu kakake. Mazishi Ijumaa, nakala mia mbili. Anti alichapa karibu saa mbili, mzee akimsomea, wakasimama mahali fulani ili mzee afute macho. Mimi nilikuwa nimepita tu kusalimia. Kevo alitoka kwenye kibanda chake cha simu kuja kuomba chenji. Kulikuwa pia na akina mama wawili wa kutoa kopi za vitambulisho, na yule mtoto wa rababu.

Anti akamaliza, akahifadhi, akageuka akanitazama. "Kabla sijachapisha, hii itabaki kweli?"

Mtu mwingine angesema, chapisha tu. Ungechapisha, Anti, tungekuwa marafiki na dunia! Mimi nikasema, "Anti, niachie kiti."

Nikaketi. Nikaonyesha ile faili, kila mtu akaiona: WASIFU. "Mnaiona?" Wakaitikia kama darasa. "Sasa nazima na kuwasha mbele yenu." Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kukaja maneno ya Kiingereza, kitu kama toa kifaa ulichotumia kuweka mfumo, kisha bonyeza Enter. Niliyasoma vile tunavyosoma masharti ya mkopo wa simu. Nikabonyeza Enter.

Mtoto akasema, "Anko, si hiyo flashi ilitakiwa kutolewa?"

Nikamwambia watu wakubwa wanaongea.

Nembo ya kijani. Feni inalia. Mzee amesogea, nasikia pumzi yake begani mwangu. Mama mmoja ameacha kutafuna. Mandhari ikafunguka, na pale ilipokuwa WASIFU hapakuwa na kitu. Pamebaki na cheti changu peke yake, Install Linux Mint, kinanitazama. Nikasogeza mshale polepole kuzunguka skrini yote, kama mtu anayetafuta shilingi gizani. Nikafungua folda. Tupu. Nikafungua pipa la taka; hata taka hatukuwa nayo. Hapa ndipo mkono ulipoenda juu ya mashine, na hapa ndipo Kevo alipotoa simu.

Mzee akasema taratibu, "Kijana wangu, ndugu yangu amekufa mara moja tu. Mbona wewe unamuua tena?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Anti hakunipigia kelele, na hilo liliniuma zaidi. Alinitoa kwenye kiti kwa kiwiko, akachukua flashi ya mzee ili safari hii ahifadhi huko moja kwa moja. Tundu la mbele linalofanya kazi ni moja. Akachomoa yangu.

Skrini ikaganda, ikajaa mistari ya maandishi meupe. Nikapiga mayowe, "Anti, umeua mfumo!" Akashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikazima, akawasha tena. Giza. Halafu zikatokea taa nne ndogo, nyekundu, kijani, samawati, manjano, zikielea, zikizungukana, zikaungana kuwa bendera moja. Nazijua taa hizo. Nimezitazama nusu ya ujana wangu. Ni Windows 7.

Marehemu niliyemzika Jumamosi kwa hotuba akaamka, akapiga ule wimbo wake wa kukaribisha, akamweka mjukuu wa Anti kwenye skrini, na kitambaa chake cheupe cha ubatizo, hajaguswa hata unywele. Faili zote zipo. Risiti za mwaka 2014 zipo.

"Kwa hivyo," Anti akasema, akihesabu kwa vidole, "hukufuta."

"Hapana, Anti."

"Na hukuweka."

"Inaonekana hapana, Anti."

"Na ile elfu moja mia tano?"

Haya mengine ni haraka haraka. Nilirudisha pesa zote, na nauli ya betri. Anti alichapa wasifu upya kwenye Windows 7, mimi ndiye niliyesoma karatasi kwa sauti na kukunja nakala mia mbili, kisha nikambebea mzee mpaka stejini. Mzee alinipa mkono. Mtoto wa rababu sasa ndiye anayeitwa kompyuta ikileta shida. Kevo mnajua alichofanya.

Jana usiku nilinunua bundles, nikafungua ile video pale nilipoachia. Jamaa ametoa mkono kwenye kipanya, ameitazama kamera, anacheka: "Mpaka hapa, ndugu zangu, bado hatujaweka chochote. Mfumo unatembea kwenye flashi, na ukizima unasahau kila kitu. Hii ni ya kuonja tu."