Kijani cha kando ya barabara kisitudanganye

Watu wakiona majani yamestawi kando ya barabara kuu, husema moshi wa magari haujayadhuru. Mimi ustawi huo ndio unaonitia shaka.

Moshi wa magari una oksidi za nitrojeni, na magari yenye kifaa cha kisasa cha kusafisha moshi hutoa pia amonia. Zikitua ardhini huwa mbolea ambayo hakuna aliyeiomba. Nyasi na magugu yenye pupa huinyonya haraka, yakarefuka, yakaifunika mimea midogo iliyozoea udongo usio na rutuba. Kinachobaki ni kijani kingi cha aina chache.

Jani lenyewe nalo lina mzigo wake. Vumbi na masizi hulizuilia mwanga na kuziba vitundu linavyopumulia, kwa hiyo chakula linalotengeneza hupungua na joto lake hupanda. Mvua huliosha, kiangazi kikalirudisha palepale. Moshi huohuo una ethilini, gesi ambayo mmea hujitengenezea wenyewe wakati wa kuivisha matunda na kuangusha majani. Ikitoka nje kwa wingi, majani huweza kuzeeka kabla ya siku zake. Ozoni, gesi nyingine inayodhuru majani, ni ya ajabu zaidi: hutokea pale moshi unapochomwa na jua, mara nyingi mbali na barabara, kwenye mashamba ya watu ambao pengine hawana hata gari.

Kisha kuna udongo. Metali ya risasi ilianza kutiwa kwenye petroli miaka ya 1920, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Algeria, ilifanya hivyo mwaka 2021 tu. Risasi haiozi. Imekaa kwenye tabaka la juu la udongo, na juu yake tunaongeza zinki ya matairi na shaba ya breki. Wanaotegemea magari ya umeme (nami nayapenda) wakumbuke kwamba nayo yana matairi.

Kwa hiyo sipingi kupanda kando ya barabara. Vichaka vizito vipandwe, vinase vumbi kabla halijafika majumbani. Ninachopinga ni kulima mboga za majani ukingoni mwa lami na kukata nyasi za mifugo hapohapo. Maji ya kuoshea huondoa vumbi la juu. Metali zilizopanda kupitia mizizi hayazigusi. Bustani isogezwe nyuma, na pasipo nafasi, ipandwe maua.